Kichwa kimoja kwenye madaftari matatu

Mgonjwa: mwanaume, miaka 26, ana mke na watoto wawili, mkulima wa mikorosho katika Halmashauri ya Mtama, mkoani Lindi. Msimu wa mauzo ukifika hufanya kibarua cha kupakia magunia ghalani. Siku ya ajali, mwezi Novemba, alikuwa abiria wa bodaboda, anarudi nyumbani saa moja usiku kwa barabara ya Masasi. Mbuzi akakatiza. Dereva, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, alibana breki ya mbele, pikipiki ikalala ubavu, abiria akarushwa na kichwa kikagonga ukingo wa kalavati, upande wa kulia, juu kidogo ya sikio.

Kisa hiki hakikutoka kwenye faili la mtu mmoja. Nimekisuka kwa mambo yanayojirudia kwa majeruhi wa huku kusini, na hesabu za shilingi za familia ni za mfano. Takwimu za tafiti na za taasisi ni zenyewe.

Dereva alichubuka kiwiko tu. Alikuwa amevaa helmeti. Ya abiria nayo ilikuwepo, imetundikwa kwenye usukani, na ndiyo kawaida: huvaliwa trafiki akionekana mbele. Ukiwauliza abiria watakwambia inanuka jasho la watu, wengine wanaogopa mba na mapunye. Malalamiko hayo siyadharau, maana helmeti inayozunguka kwenye vichwa vya stendi nzima inatia kinyaa kweli. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba pikipiki ikipata ajali, helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Mapunye yana dawa.

Saa tatu za kuzungumza

Alipoteza fahamu kwa dakika chache. Akazinduka, akauliza simu yake iko wapi, akawataja waliomzunguka mmoja mmoja, akanywa maji. Watu wakashusha pumzi. Wakampitisha duka la dawa, akapewa diklofenaki ya maumivu, akaingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kipindi hiki ndicho kinachodanganya. Mfupa wa panja ni mwembamba, na kwa ndani yake inapita ateri inayolisha utando wa ubongo. Mfupa ukipasuka, ateri huchanika na damu hujikusanya kati ya fuvu na utando. Mwanzoni ubongo unavumilia: maji yanayouzunguka husogea, damu iliyomo kwenye vena hupungua, nafasi inapatikana. Fuvu halitanuki, kwa hiyo nafasi hiyo ina mwisho wake, na ikiisha mgonjwa huporomoka upesi sana. Mtu aliyezimia baada ya kugonga kichwa, hata kwa dakika mbili, hatakiwi kulala nyumbani usiku huo kabla hajapimwa na mtu anayejua anachotafuta.

Saa nne usiku alitapika. Akatapika tena. Kutapika mara mbili au zaidi ni moja ya dalili ambazo kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 inazitumia kuamua nani apelekwe CT, kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, pamoja na umri wa miaka 65 na kuendelea, dalili za fuvu kupasuka, na fahamu ambazo hazijarudi sawasawa saa mbili baada ya ajali. Mke hakuijua kanuni hiyo. Alimwamsha anywe uji, akajibiwa maneno yasiyoeleweka, akasema huyu anakwenda hospitali sasa hivi, mjomba awe amefika au hajafika. Si jambo dogo. Kwa Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa kwenye mambo mazito. Kumtoa mgonjwa bila yeye ni kubeba dhamana.

Kituo cha afya walifika saa tano na nusu. Mganga wa zamu alimpima kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974: macho alama 4, maneno 5, viungo 6. Mzima hupata 15, asiyeitikia chochote hupata 3. Kuanzia 13 jeraha huitwa dogo, 9 hadi 12 la wastani, 8 kushuka chini kali. Alipata 12. Saa moja baadaye alikuwa na 10.

Nataka kukaa kidogo kwa mganga huyu, kwa sababu watu wakisikia ubongo huwaza mashine na mabingwa. Alimwekea oksijeni. Akamwekea dripu ya chumvi, akapima sukari, akainua kichwa cha kitanda, akamvalisha kola ya shingo iliyotengenezwa kwa boksi na bandeji. Ubongo uliogongwa huumia mara ya pili kwa kukosa hewa na kwa presha kushuka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kwa wenye majeraha makali, namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90 hata mara moja, vifo huongezeka takriban maradufu. Oksijeni na dripu ni vitu vya kituo cha afya, havihitaji Muhimbili. Na kuna alichokiacha: hakumchoma deksamethazoni "kupunguza uvimbe", mazoea ambayo bado yapo hapa na pale, ingawa utafiti wa CRASH wa mwaka 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulikuta dawa za jamii hiyo zinaongeza vifo vya walioumia kichwa.

Kuna dawa moja ambayo muda wa kumfaa ulikuwa umekwisha kupita. Asidi ya traneksamiki, ileile wanayochomwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, huzuia bonge la damu lisimeng'enyuke. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi 29, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vya kichwa kwa wenye jeraha dogo au la wastani. Saa tatu zake ziliishia mkekani.

Gari la wagonjwa liliondoka saa saba na nusu, baada ya ndugu kuchangishana mafuta. Pale Mnazi Mmoja barabara inagawanyika, kushoto Lindi mjini, kulia Mtwara. Lindi ni karibu, Mtwara ni zaidi ya kilomita 80. Muuguzi alimwambia dereva asimame, akapiga simu pande zote mbili na swali moja tu: usiku huu, CT na daktari wa kupasua kichwa vyote vipo mahali pamoja? Wakapinda kulia. Simu hiyo haikuchukua muda, na naihesabu kama tiba. Kabla Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini haijajengwa Mitengo na kuzinduliwa mwaka 2023, simu kama hiyo mara nyingi iliishia na jibu la Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na mboni ya jicho iliyokwisha kutanuka kwa ubongo kubanwa haisubiri mwendo huo.

CT ilionyesha mambo mawili: bonge la damu upande wa kulia, na mchubuko wa ubongo wenyewe mbele kushoto, pale ubongo uliporuka na kugonga fuvu la upande wa pili. Bonge lilitolewa alfajiri. Mchubuko kwa kawaida haupasuliwi, unaachwa na muda. Alikaa hospitali siku 19, akatoka anatembea.

Daftari la kwanza: rejista

Huyu mtu ni wagonjwa wangapi? Kwenye kituo cha afya ameandikwa MTUHA, rejista za serikali za huduma za afya, kama ajali ya barabarani. Hospitali ameandikwa tena, mara hii jeraha la kichwa. Duka la dawa halikuandika kitu. Kwa hiyo saa zile tatu, ambazo ndizo zilizoamua ukubwa wa mambo yote yaliyofuata, hazimo popote, na saa zilizobaki zinaweza kuhesabiwa mara mbili kama mtumiaji wa takwimu hakuwa makini na safu ya rufaa.

Ndiyo sababu idadi ya majeraha ya ubongo hukadiriwa zaidi kuliko kuhesabiwa. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 yanasema watu takriban milioni 69 duniani huumia ubongo kila mwaka, walio wengi kwa kiwango kidogo, na kwamba Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia ndiko sehemu ya majeraha yanayotokana na barabara ilipo kubwa kuliko kwingine, asilimia 56. Barabara si peke yake, hasa pwani hii. Wapo wanaoanguka kwenye minazi wakiangua, na watoto wanaodondoka kwenye miembe. Mkwezi akianguka hapewi PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, wala haingii kwenye ripoti ya trafiki.

Daftari la pili: polisi

Hili ni fupi, kwa sababu ndani yake hamna kitu. Hakuna aliyeripoti. Mjomba, alipofika hospitali asubuhi, alikwisha kuzungumza na baba wa dereva, na neno lilikuwa moja: "Yule ni mtoto wetu sote. Polisi hatwendi." Kwa daftari la kituo cha polisi, Novemba ile pale kwenye kalavati hakuna aliyeanguka.

Pengo la namna hii si la kijiji kimoja. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani, na Shirika la Afya Duniani likakadiria 16,252. Hivyo ni vifo, ambavyo kuvificha ni vigumu. Majeruhi anayepona na kurudi nyumbani ni rahisi zaidi kumsahau.

Daftari la tatu: la mjomba

Mjomba alinunua daftari dogo la kurasa 48 getini na kuandika kila shilingi, kwa kalamu mbili tofauti. Nakubali watu wa aina hii. Kwa utaratibu wake, si wangu:

Gari la kukodi hadi kituo cha afya, 40,000. Mafuta, 130,000. CT, 200,000. Upasuaji, 450,000. Kitanda, vipimo na dawa za wodini, 380,000. Dawa na vifaa vilivyonunuliwa nje, 170,000. Chakula na malazi ya ndugu wawili, 285,000. Nauli za kliniki mpaka mwaka ulipogeuka, 216,000. Ofisi ya ustawi wa jamii ilisamehe 300,000, na hilo ameliandika kwa herufi kubwa. Jumla iliyotoka mfukoni: 1,571,000.

Bili ya hospitali yenyewe, kabla ya msamaha, ni 1,030,000, yaani CT, upasuaji na wodi. Karibu nusu nyingine, 841,000, ni magari, chakula na dawa za nje, vitu ambavyo mtafiti akija kuuliza gharama za matibabu kwenye ofisi ya mhasibu hatavikuta. Familia ilikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ilikwisha Agosti. Agosti huku ni mwezi wa mfuko mtupu, korosho ziko kwenye maua, na sijui kwa nini kadi za mikoa ya korosho zisipangwe ziishe Desemba, wakati malipo ya mnada yamekwisha kuingia benki.

Sasa yale ambayo hata mjomba hakuyaandika.

Usiku ule hela taslimu haikuwepo. Korosho zilikuwa ndani, hazijapelekwa chama cha msingi. Waliuza magunia matatu kwa kangomba, biashara ya korosho nje ya mnada inayopigwa marufuku kila msimu na inayopata wateja kila msimu, kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Kilo 240, wakapata 360,000. Wiki mbili baadaye mnadani kilo ilifika 3,000. Kwa hiyo kulipata hizo 360,000 kuliwagharimu 360,000 nyingine, na gharama hiyo haina risiti.

Mwezi wa nne baada ya ajali alianguka kifafa akiwa anaota moto jikoni. Dawa za kuzuia kifafa zinazotolewa baada ya jeraha hukinga wiki ya kwanza, hazizuii kinachokuja miezi baadaye. Hilo limejulikana tangu utafiti wa mwaka 1990, lakini hakuna aliyemwambia mke wakati wa kuruhusiwa, naye akadhani upasuaji ulikosewa. Majirani walidhani amechezewa. Familia ilikwenda kwa mganga wa kienyeji, na kiasi kilichotoka huko mjomba, aliyeandika mpaka sabuni ya kufulia, hakukiandika.

Kilichowachosha zaidi ni tabia. Mtu aliyekuwa mpole akawa anafoka kwa jambo dogo. Akitumwa dukani na noti ya elfu kumi anarudi na chenji asiyoweza kuielezea. Anaanza kazi, anaiacha katikati. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga, inayozuia hasira na inayokumbusha mtu alikuwa anafanya nini, na pale ndipo ulipokuwa mchubuko. Hospitali ilimwandika amepona kwa sababu alama zake zilikuwa 15. Kipimo cha Glasgow kinapima fahamu. Hakipimi chenji.

Juni ulipofika, mikorosho ilitakiwa kupulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga. Alilivaa bomba mgongoni, akapuliza mistari miwili, akalivua na kulitua chini ya mkorosho likiwa bado linanguruma, akaenda nyumbani kulala. Mke alilikuta limeishiwa mafuta. Hakukuwa na hela ya kumlipa mpulizaji kwa raundi zilizobaki, na mke mwenyewe alikuwa amesimamisha biashara yake ya vitumbua ili amwangalie. Maua yakanyauka. Mwaka uliotangulia shamba lilitoa magunia 11. Mwaka huu manne. Magunia saba ya kilo 80, kwa bei ya 3,000, ni shilingi 1,680,000.

Mstari huo mmoja unazidi fedha zote zilizotoka mfukoni kwenye daftari la mjomba, pamoja na fuvu lililofunguliwa. Mtu akiniuliza jeraha la ubongo linagharimu kiasi gani, siwezi tena kumjibu kwa bei ya CT. Tume ya jarida la Lancet Neurology ya mwaka 2017 ilikadiria majeraha haya huugharimu uchumi wa dunia kama dola bilioni 400 kwa mwaka, na mimi najiuliza tu ni sehemu gani ya kiasi hicho imetoka kwenye mashamba ambayo hayakupulizwa.

Nani angelipa

Aliyeuliza swali la maana alikuwa afisa ustawi wa jamii, siku alipomhoji mjomba kuhusu msamaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pikipiki ile ina bima?"

"Bima ya nini? Kilichovunjika ni kichwa, pikipiki ni nzima."

Pikipiki ya biashara haitakiwi kuwa barabarani bila bima, angalau ile tunayoiita bima ndogo. Wengi wanailipia ili trafiki asiwasumbue na wanaamini ni kodi nyingine. Lakini bima ndogo haimlipi mwenye pikipiki hata senti. Ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho, na abiria aliyelipa nauli ni mmoja wao. Dereva akithibitika alikosea, mwenye kulipa ni kampuni. Baba wa kijana hauzi shamba. Kosa la mjomba, kama ni kosa, lilikuwa la heshima: aliona kudai ni kumshitaki mtoto wa jirani, kumbe asiyedai alikuwa anailinda kampuni ambayo imekwisha kuchukua hela ya mtoto huyohuyo.

Afisa alimwomba namba ya pikipiki, akaiingiza kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na stika ikaonekana hai mpaka Januari. Ndipo wakaenda polisi, wiki ya nne. Kwa wakati huo pikipiki ilikwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, kwa hiyo mkaguzi hakuwa na cha kukagua zaidi ya rangi mpya, na ramani ya ajali ilichorwa kwa maneno ya dereva na ya mtu mmoja aliyekuwa akifukuza mbuzi wake. PF3 ilijazwa kwa kusoma faili la hospitali. Yote haya yanawezekana, kwa sababu madai ya madhara ya namna hii yana muda wa miaka mitatu kisheria. Yangekuwa rahisi zaidi mtu mmoja wa familia angetumwa kituoni siku ya pili, wakati wengine wako wodini, na angepiga picha ya stika kwa simu.

Dereva alitoa maelezo yake mwenyewe na hakuna aliyemfunga. Baba yake ndiye aliyelipa nauli ya mjomba kwenda kufuatilia.

Kampuni ya bima imepokea faili na kujibu kwamba inataka asilimia ya ulemavu. Fomu ina visanduku vya mkono, mguu, jicho na sikio. Daktari alimtazama mgonjwa: anatembea, anasalimia, ananyanyua kiti. Alimwomba mke aeleze siku moja tangu asubuhi mpaka jioni, akaandika ukurasa mzima, bomba la salfa likiwemo, akaambatanisha. Faili limerudishwa: kampuni inataka namba. Afisa ustawi amewaandikia barua ya kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima endapo kampuni itaendelea kuzungusha, lakini kwanza wameelekezwa Dar es Salaam kwa tathmini ya kumbukumbu na tabia, ambayo itatoa hiyo namba. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi itatoka kwenye magunia manne.